Akaunti Aliyofunguliwa na Mumewe

Simu ililia saa nne asubuhi, na hakuna mtu aliyekuwa ameipiga.

Mama Mapazia alikuwa kwenye cherehani, mapaja yamefunikwa na kitambaa kizito cha kijani, akipinda upindo wa pazia la mteja. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu ya kazi yake, naye alilipenda. Mlio ulitoka chumba cha nyuma, mkali, wa kupanda na kushuka. Mara mdogo wake, Kitinda, akatoka mbio ameishika simu kwa mbali kama mtu aliyebeba kaa la moto.

"Dada, sauti nilikuwa nimeizima," alisema. "Tangu nifike hapa sijaiwasha."

Kwenye kioo palikuwa na maneno: mwenye kifaa hiki anakitafuta.

Kitinda alikuwa amefika Jumatatu na begi moja, jicho la kushoto limevilia damu. Aliondoka kwa mumewe wakati mume yuko kazini. Laini ya zamani aliitupa njiani, akanunua mpya. Dada yake alikuwa amehamia nyumba hii hivi karibuni, na shemeji hakuijua. Basi dada wawili hawa waliamini kwamba wamempotea yule mwanaume.

"Izime," alisema Mama Mapazia.

Kitinda akaizima. Mama Mapazia alikwenda getini akashusha komeo, kisha akaita kwenye ukuta wa jirani. Jirani alikuwa mwalimu wa kompyuta wa sekondari, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Alikuja na mikono inayonuka vitunguu, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Akaunti iliyomo kwenye hiyo simu, alikufungulia nani?"

"Yeye," alisema Kitinda. "Pale pale dukani, siku tuliyoinunua."

"Na neno la siri?"

"Alilichagua yeye."

Mwalimu alivuta pumzi. "Laini umebadilisha, lakini akaunti ni ile ile. Hiyo ndiyo inayomwonyesha ulipo. Tena barua pepe zako zote anazisoma."

Kitinda aliziba mdomo. Jana tu alikuwa amemwandikia mwanamke mmoja mwenye chumba cha kupangisha, na mwanamke huyo akamjibu na kumwelekeza mtaa na nyumba.

"Basi badilisha hilo neno upesi," alisema Mama Mapazia.

"Taratibu, Mama. Nikianza na neno la siri, atasema amelisahau, na namba ya kurudishia akaunti ni ya kwake. Atatufungia nje sisi. Kwanza tunatoa namba yake, tunaweka yako. Ila itabidi tuiwashe hii simu. Kompyuta yangu akaunti haiijui. Nikiitumia, itaomba kibali kwake. Simu hii inaijua."

"Ikiwaka ataiona tena?"

"Ataiona. Lakini mahali ameshapaona."

Kitinda alimtazama dada yake, kama alivyokuwa akimtazama utotoni akisubiri kuambiwa. Mama Mapazia alitamani kusema hapana, wote wajifungie ndani, mambo yapite yenyewe. Kutoka nje kwenda barabarani hakuna aliyethubutu, maana huenda yuko njiani anakuja.

"Iwasheni," alisema.

Walikaa chumba cha nyuma, watatu juu ya kitanda kimoja. Mwalimu alifungua ukurasa wenye orodha ya vifaa. Cha kwanza kilikuwa simu hiyo. Cha pili kilikuwa simu nyingine, na pembeni yake imeandikwa: inatumika sasa.

"Yumo humu?" alinong'ona Mama Mapazia.

"Yumo."

Mama Mapazia alihisi kana kwamba mtu amesimama nyuma yao, anawachungulia mabegani.

Namba za uthibitisho ziliingia kwenye simu ya Mama Mapazia, akamsomea Mwalimu moja moja. Hajamaliza, gari likasimama nje. Mlango wa gari ukafungwa kwa kishindo.

"Endeleeni," alisema, akatoka yeye.

Shemeji alikuwa amesimama getini, shati limepigwa pasi, simu mkononi. Alimwamkia kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi.

"Shemeji, nimekuja kumchukua mke wangu."

"Hapa hayupo."

"Yupo. Subiri nikuonyeshe. Sasa hivi utaisikia inalia huko ndani."

Akabonyeza. Wote wawili wakatega masikio. Mama Mapazia alishika nondo ya geti. Maji yalikuwa yakidondoka kwenye tangi.

Kimya.

Akabonyeza tena. Akasoma kioo, akaandika kitu, akasoma tena. Taratibu uso wake ulibadilika.

"Inaniambia neno la siri si sahihi," alisema. "Mmefanya nini?"

"Mimi nashona mapazia, shemeji. Mambo ya simu nitayajulia wapi?"

Alilipiga geti kwa kiganja, mara moja tu. "Siendi mbali," alisema, akaingia garini.

Gari lilipokwisha kata kona, Mama Mapazia alikagua komeo, akarudi. Ndani alimkuta Kitinda ameikumbatia simu, analia bila sauti, na Mwalimu anamwambia, "Tumemtoa. Tumemtoa kila mahali."

Hawakungoja. Mwalimu alileta gari lake mpaka uani, wakaenda kituo cha polisi, na askari mwanamke akaandika maelezo yao na kulitazama lile jicho kwa muda mrefu. Chumba cha kupangisha walikiacha, kwa kuwa mume alikuwa ameshasoma kilipo. Kitinda alipelekwa kwa rafiki wa Mwalimu, mji mwingine.

Mama Mapazia alibaki. Kwa wiki kadhaa, kila gari lililopunguza mwendo mbele ya geti lilimfanya asimamishe cherehani. Aliongeza kufuli, na mchana kweupe akawa anauliza mara mbili kabla ya kumfungulia mteja.

Siku moja Kitinda alimpigia. Alikuwa amenunua simu ndogo, amefungua akaunti mpya.

"Neno la siri nimechagua mwenyewe, dada. Nikutajie, endapo nitalisahau?"

"Usinitajie," alisema Mama Mapazia. "Liweke mwenyewe."