Salamu za Waridi Jeupe

Kila Jumamosi baada ya alasiri Bi Khamisa alifungua redio kusikiliza salamu, na Mishi, mtoto wa dada yake, akakaa jamvini kusuka ukili. Wasichana wa Malindi walituma kadi zao redioni kwa majina ya kubuni na maneno yao wenyewe, wakubwa wasiambulie kitu. Bi Khamisa huwa anacheka tu. Siku hiyo hakucheka.

"Waridi Jeupe wa Malindi anawasalimu wenzake wote," alisoma mtangazaji. "Anasema kesho anapanda ngazi ya Nahodha, msimngoje."

Waridi Jeupe ni Hafidha, bintiye. Jina hilo alilitarizi kwenye foronya yake.

"Mishi, kupanda ngazi ndiyo kufanya nini?"

Mishi aliinamia ukili. Tangu aache shule darasa la tano alizoea kunyamaza mbele ya wakubwa. Lakini alimkumbuka Batuli wa nyumba ya tatu, aliyepanda ngazi hiyo mwaka jana. Mama yake hadi leo humuulizia kwa kila anayeshuka basi. Akasema polepole kwamba ni kutoroka na mwanamume, na Nahodha ni yule wa gari jeupe, anayewagawia wasichana marashi na kanda za muziki, asiyejulikana kwao.

Bi Khamisa akashusha pumzi. Kama ni kesho, alisema, basi Mungu kawawahisha. Hafidha yuko Mambrui akimuuguza shangazi yake Shekha; jioni hii hii kaka yake Omar atamfuata, afungiwe ndani. Akavaa buibui lake, akamtania Mishi kuwa kumbe ulimi anao.

Mishi hakuinua uso. Kadi ile aliipeleka posta yeye mwenyewe, bila kuisoma, siku moja kabla Hafidha hajaondoka na mkoba wake. Leo ni siku ya kumi na moja tangu aondoke.

"Mama mkubwa," alisema, "kadi hukaa sana njiani."

"Njia gani tena?"

Kabla hajajibu, hodi ikapigwa. Aliingia Bi Shekha wa Mambrui, amekonda, mkononi ana mfuko wa maembe. Akasalimu, akaketi, akachungulia chumbani.

"Na Hafidha yuko wapi? Mlisema atakuja kuniuguza. Nimengoja weee, hata nikapona mwenyewe."

Redioni mtangazaji alishika kadi nyingine. Msichana wa Takaungu alikuwa akiwaaga wenzake. Naye kesho anapanda ngazi ya Nahodha.