Kabari ya Nane

Kwa miaka thelathini na moja, hadi alipostaafu, Baba alifunga mabehewa kwenye kivuko hiki kinachovusha treni, lakini hakuwahi kupanda sitaha ya juu kutazama mandhari. Mshahara wangu wa kwanza ulipoingia, niliwakatia tiketi, yeye na Mama, tukasafiri pamoja. Ndani ya treni milima ilipita dirishani, naye akasikiliza magurudumu tu.

"Leo wewe ni abiria," nilimkumbusha.

Bandarini mabehewa yalisukumwa hadi kwenye reli za sitaha ya chini. Tukapanda juu. Mama, usingizi umemzidi, tulimwacha kitini ndani ya behewa.

Kivuko kilipoondoka, visiwa vikajitokeza mbele, kijani kibichi. Baba hakuviangalia. Alikuwa akihesabu kwa vidole.

"Behewa letu lina magurudumu manane. Kila moja hugongewa kabari ya kulizuia. Nimesikia zikigongwa saba."

"Labda hukusikia vizuri, Baba."

"Moja ikikosekana, mzigo unaiangukia jirani yake, nayo huchomoka. Na mama yako yumo."

Alimwendea msimamizi wa sitaha, mtu mzima mwenye filimbi shingoni, akajitambulisha na kumweleza. Msimamizi akacheka. "Mzee, kustaafu nako ni kazi, hebu ifanye!"

"Hata mpishi hodari husahau chumvi."

Abiria wakageuka. Uso ulinichoma kwa aibu. Wimbi la kwanza likatuinua, na Baba akanitazama kana kwamba ananiuliza iwapo alinisomesha ili nimwonee haya au nimwamini.

Nikashuka ngazi mbio. Msimamizi akanifuata akifoka, Baba nyuma yake.

Chini kulinuka grisi. Niliinama nikahesabu: tano, sita, saba. Ya nane ililala kando ya reli. Na ya saba, jirani yake, ilikuwa imeanza kuteleza. Behewa likaguna. Gurudumu likasogea upana wa kidole.

Msimamizi aliacha kufoka. Alinyakua nyundo.

"Usigonge!" Baba alipiga magoti, akaiweka kabari ya nane kwa mikono yake miwili. "Ngoja wimbi lilirudishe gurudumu. Ngoja... ngoja... Sasa!"

Mapigo matatu. Kisha matatu mengine kwenye ya saba. Behewa likatulia. Dirishani, Mama alikuwa bado anakoroma.

Msimamizi akajifuta jasho. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Baba alijipangusa grisi kwenye suruali yake mpya, ya safari, akanigeukia.

"Kamwamshe mama yako. Tukaone visiwa vyako."