Mali ya Studio

Amri alikuwa na sheria moja iliyowakera wateja wake wote pale Ngara mjini: picha chukua, negativu acha. Aliiandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango, NEGATIVU NI MALI YA STUDIO, na aliyebisha alielekezwa kwa wapiga picha wa kutembeza, ambao negativu zao zilichezewa na kuku. Zake alizitia kwenye bahasha zenye namba, na namba hiyo hiyo akaiandika nyuma ya picha. Ukitaka picha nyingine, utarudi akusafishie kutoka kwenye filamu hiyo. Ilikuwa akili ya biashara tu, lakini mwenyewe aliiita utunzaji, na watu walimwamini.

Asubuhi moja, baada ya masika, Theodosia wa Kirushya alirudi. Alikuwa mama wa miaka sitini na ushee. Alitua mkungu wa ndizi mlangoni, akatoa shikamoo, akafungua pindo la kitenge na kutoa picha iliyofungwa kwenye nailoni. Mvua ilikuwa imeangusha ukuta wa nyumba yake, na picha ikalala kwenye tope siku mbili. Mbele yalibaki madoa ya njano. Nyuma, kwa mwandiko wa Amri mwenyewe, ilisomeka 4417.

Ilikuwa picha ya Frednand, kitinda mimba wake, siku ya komunyo ya kwanza. Mwaka uliofuata malaria ilimchukua, na hakuwahi kupigwa picha nyingine. Theodosia alieleza hayo bila machozi, maana alikuwa ameyalilia miaka ishirini. Kilichomleta kilikuwa kingine.

"Zamani nikifumba macho namwona," alisema. "Siku hizi namwona kaka yake. Uso wake unanipotea, mzee. Nisafishie nyingine."

Amri alijua jibu kabla hajainuka. Hata hivyo alivuta sanduku, akapekua bahasha moja moja, mzee mzima akijifanya anatafuta. 4416 ilikuwa na mtu wa Kibimba na baiskeli yake mpya. 4418 ilikuwa na familia nzima. 4417 ilikuwa tupu.

Mwaka 2016, jua lilipopatwa, mtaa mzima ulitaka kulitazama. Redioni walionya watu wasitumie vitu vya kubahatisha, lakini nani alisikia? Simu zilikuwa zimeshaua studio, na Amri alikuwa na miaka mitano hajaulizwa negativu hata moja. Siku ile watu walijaa mlangoni kama zamani kuomba negativu za kukinga macho, akavimba kichwa. Kwenye negativu, nguo nyeupe hutoka nyeusi, kwa hiyo alijua zipi zinafaa kutazamia jua: za mabibi harusi na za watoto wa komunyo. Akazichambua hizo kwanza, akazigawa kama njugu. Mkewe Sauda alimwambia kwamba kama amechoka kuzitunza awarudishie wenyewe, au azichome kwa heshima, kwani amana haigawiwi barabarani. Amri akamjibu kwamba ni mali ya studio.

Sasa alifikiria kusingizia panya. Aliona aibu, akasema kweli yote.

Theodosia alisikiliza hadi mwisho. "Negativu hiyo niliiomba siku ile ile ya komunyo," alisema. "Ukaninyima, mimi mama yake."

Amri aliirudisha bahasha tupu sandukuni.

"Na wewe jua ulilitazamia ya nani?" Theodosia aliuliza.

"Ya mtoto wa kiume. Ameshika mshumaa."

"Frednand alishika mshumaa."

"Wote walishika mshumaa, mama."

"Uso wake ulikuwaje?"

Amri alifungua mdomo. Alijaribu, Mungu ni shahidi. Alikumbuka mshumaa, akakumbuka shati lililotoka jeusi tii, na jua nyuma yake limemegwa kama chapati. Mahali pa uso hapakuwa na kitu.

"Nilikuwa natazama jua," alisema.

Theodosia aliifunga picha yake kwenye nailoni, akairudisha kwenye pindo, akaaga kwa adabu ile ile aliyoingia nayo. Amri alimsihi abebe ndizi zake. Alikataa, akasema kwao zawadi ikishatuliwa hairudi nyumbani.

Sauda aliposikia habari hiyo hakuupika mkungu ule, wala Amri hakuthubutu kumwomba. Uliivia pale pale mlangoni, chini ya maandishi mekundu, hadi ukaoza.