Chandalua cha Bi Sabiha

Hakuna karani wa forodha ya Tanga aliyejiamini kama Timotheo, na kusema kweli alikuwa na haki yake. Mwaka huo wa 1954 orodha nzima ya ushuru alikuwa nayo kichwani: hema liko wapi, tanga la chombo liko wapi, mwavuli uko wapi. Ndiye karani pekee aliyeruhusiwa kutia sahihi hati bila kumpelekea mkubwa kwanza. Barua ya ruhusa hiyo aliituma kwao Mlalo ikasomwe kanisani baada ya ibada, na ikasomwa.

Wasiojua Kiingereza walimletea barua zao za Kiswahili, naye akawajazia hati. Bi Sabiha wa Makorora alileta ya shemeji yake aliyekuwa Bombay, inayosema kwamba robota lina chandalua kimoja. Timotheo hakuinua hata uso. Akaandika kwa Kiingereza: chandalua cha kuzuia mbu. Kitu hicho hakikutozwa ushuru, basi akagonga muhuri, akaita mwingine.

Robota lilipofunguliwa kikatoka kitambaa kizito cha turubai, chenye mistari myekundu na myeupe, kipana kama ua wa nyumba, na pete za shaba pembeni kote. Mzungu mkubwa wa forodha alikasirika. Alisema mwanamke huyo amedanganya ili akwepe ushuru, mali yake ishikwe na yeye ashitakiwe. Akamwagiza Timotheo aandike mashtaka, yeye atatia sahihi saa tisa.

Timotheo naye alichukia. Kudanganywa yeye, mtu mzima na kalamu yake! Bi Sabiha alipoitwa akamsomea kosa lake. Mama yule, aliyekuwa akikodisha vivuli vya harusi na matanga tangu alipofiwa na mumewe, hakutikisika.

"Barua imesema chandalua," akasema. "Na hicho mlichokifungua ni chandalua. Uwongo uko wapi, karani?"

Timotheo alimweleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kusoma, kwamba chandalua ni kile cha kitandani, na kwamba yeye mwenyewe hulala ndani ya chake tangu aliposhuka kutoka milimani. Bi Sabiha alicheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Akamwambia mchana huo kuna harusi Makorora, kwa mzee Uweso. Aende akaulize watu. Timotheo akachukua kofia yake. Alikwenda ili arudi na ushahidi.

Uani kwa mzee Uweso turubai lililofifia limetandwa juu ya nguzo sita, na chini yake wanaume wanakula pilau. Timotheo akatoa shikamoo, akauliza kile kilichotandwa juu kinaitwaje.

"Chandalua," mzee akajibu, huku akimsogezea sinia.

"Na kile cha kitandani?"

"Hicho chandalua cha mbu. Kwani huko kwenu mwakiitaje?"

Timotheo akalirudisha tonge siniani. Barua ya Bombay haikutaja mbu hata mmoja. Mbu aliwatia yeye, kwa mkono wake na kwa wino wa serikali.

Alirudi akitokwa jasho. Bi Sabiha hakujua Kiingereza, kwa hiyo hakujua hati ilisema nini. Mkubwa naye hakuwa ameiona barua ya Kiswahili. Ilikuwa kwenye faili, mezani pa Timotheo. Akinyamaza, mama yule atapoteza kitambaa chake na jina lake, naye atabaki na sahihi yake. Aliliona hilo wazi, na akaona haya kwamba ameliona upesi hivyo.

Saa tisa aliingia kwa mkubwa na ile barua badala ya mashtaka.

"Bwana, mama huyu hakudanganya," akasema. "Neno hili lina maana mbili. Mimi nilijua moja tu, nikaiandika bila kumwuliza mwenyewe."

Mkubwa aliisoma barua kwa shida. Kisha akafuta ile hati, akaamuru iandikwe nyingine: kitambaa cha kivuli kilichoshonwa, si hema, kwa kuwa hakina kuta. Bi Sabiha akatoa ushuru bila kubisha, maana hakuwa ameomba kusamehewa, akaondoka na mali yake kichwani mwa hamali. Ama Timotheo, mkubwa alisema hatatia sahihi tena peke yake mpaka mwaka uishe.

Ilimuuma, na hakujificha kwamba imemuuma. Akarudi mezani, akamwita aliyefuata. Alikuwa Haji, mfanyabiashara wa Moa, na barua yake kutoka Unguja ilisema: kamba, magunia mawili. Neno hilo Timotheo alilijua tangu utotoni, alipokuwa akifungia mbuzi wa baba yake. Akachovya kalamu, akaanza kuandika, akaacha.

"Kamba gani, bwana Haji?"

Haji alimshangaa. "Wakavu," akasema. "Wa mchuzi."