Mashahidi wa Togwa

Wifi yangu Dorkasi hajawahi kuonja pombe tangu azaliwe, ukiacha ile divai ya meza ya Bwana, ambayo huinywa amefumba macho kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo. Nasema hivi mapema ili tuelewane. Mimi ni Mkatoliki, yeye ni Mlutheri, nimeolewa na kaka yake, na sina sababu yoyote ya kumsifia bure, maana wifi ni wifi. Lakini mtu akimwita Dorkasi muuza pombe, atanikuta mimi mlangoni.

Aliyemwita hivyo ni konstebo mmoja anaitwa Rodgers. Alikuwa mgeni huku milimani, hata mwezi hajamaliza kwenye kile kituo kidogo cha barabarani. Siku ya gulio hapa kwetu Kwamrutu akaja na pikipiki, akasimama mbele ya ndoo za Dorkasi. Ndoo zilikuwa na togwa, kinywaji cha kimea kisicholevya. Kila gulio zina togwa. Hata mbuzi wa hapa wanajua kwamba zina togwa.

"Mama, hii pombe ya kienyeji kibali chake kiko wapi?"

"Hii ni togwa, mwanangu," Dorkasi akamjibu kwa upole. "Chukua kikombe uonje."

"Mimi sionji kidhibiti."

Basi akazipiga teke ndoo zote mbili. Togwa ikatambaa chini hadi kwenye matenga ya nyanya. Kisha akamwamuru Dorkasi akae palepale kwenye tope lake, mtu mzima mwenye wajukuu, na gulio zima likiangalia. "Mama wa kanisa mzima unauza pombe, huoni aibu?" akasema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya mto. Mimi nilishaokota kata nimrushie. Dorkasi akanivuta kanga kutoka palepale alipokaa. "Tulia, Blandina," akasema. "Huyu tutamshtaki." 

Rodgers alimwacha pale chini mpaka alipochoka kuangaliwa, akawasha pikipiki yake akaondoka.

Kama yangeishia hapo tungecheka na kusahau. Lakini maneno ya gulioni hayabaki gulioni. Wiki iliyofuata mchungaji akamwita Dorkasi, akamwomba kwa adabu sana apumzike kwanza uenyekiti wa umoja wa wanawake mpaka jambo litakapokuwa wazi. Apumzike! Mwanamke ambaye hajawahi kupumzika hata siku aliyojifungua! Na sikukuu ya mavuno ilikuwa inakaribia, ambayo togwa yake hutoka kwa Dorkasi tangu enzi za mama mkwe wake. Mwaka huu wakatangaza kwamba washarika watakunywa soda. Alipolisikia hilo tangazo, Dorkasi akainuka kwenye benchi akatoka nje, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona analia.

Nikamuuliza anataka nini, huyo askari afukuzwe kazi?

"Simtakii mtoto wa mtu njaa," akasema huku akijifuta. "Nataka asimame palepale alipomwaga, siku ya gulio, aseme ilikuwa togwa. Basi."

Tukaanzia kwenye kile kituo kidogo. Askari wa zamu akatusikiliza huku akichokonoa meno, akasema, "Mama zangu, hayo mambo madogo, yaacheni yaishe."

"Yataishaje wakati hayajaanza?" Dorkasi akamwuliza.

Kesho yake tukapanda basi la alfajiri kushuka Same. Same kulikuwa na jua la kukaangia mayai, na sisi tumevaa masweta ya mlimani. Kwenye ofisi ya polisi ya wilaya tulidhani tutafukuzwa, na mimi nilikuwa nimejiandaa kabisa, maneno yote nimeyapanga kichwani. Yakaja kukosa kazi. Walituonyesha chumba cha mama mmoja, Inspekta Jesca, anayepokea malalamiko ya wananchi juu ya askari. Aliinuka kwenye kiti akatuamkia shikamoo. Unamgombezaje mtu aliyekuamkia?

"Mama, kwanza kulalamika ni haki yako, na hakuna unachotozwa," akamwambia Dorkasi. "Pili, mtu asije akakwambia ufute. Ukitishwa, nipigie mimi. Na usiporidhika na sisi, nenda kwa kamanda wa mkoa Moshi. Na hata nje ya polisi ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, nayo inapokea. Sasa niambie ilivyokuwa. Yale uliyoyaona kwa macho yako, siyo uliyosimuliwa."

Dorkasi akaeleza. Siku gani, saa ngapi, wapi, jina lililokuwa kifuani mwa yule askari, maneno aliyoyasema. Hakuongeza chumvi hata punje, ikabidi mimi niume ulimi, maana ningeongeza. Inspekta akaandika, akamsomea, Dorkasi akatia sahihi.

"Nitapanda huko mwenyewe wiki ijayo," Inspekta akasema. "Niandalieni mashahidi."

Hapo ndipo tulipoharibu.

Sisi Wapare tunasemwa nchi nzima kwamba tunapenda kesi. Siyo kweli. Tunapenda haki, ila tunaipenda zaidi ikisikilizwa na watu wengi. Neno "mashahidi" lilipofika Kwamrutu, kila nyumba ilijiona imealikwa. Watu waliahirisha kupalilia tangawizi. Siku Inspekta alipopanda, nje ya ofisi ya kata kulikuwa na foleni utadhani wanagawa mbolea ya ruzuku, akina mama wamekuja na sufuria za makande kwa sababu kesi ni kesi lakini watu lazima wale. Dorkasi alifurahi hadi machozi yakamlengalenga. Kijiji chake chote kimemsimamia!

Inspekta Jesca akaanza kuwaita mmoja mmoja kwenye meza iliyowekwa barazani. Swali lake lilikuwa moja: "Ulikuwa umesimama wapi?"

"Kando ya ndoo," akasema wa kwanza.

"Kando ya ndoo," akasema wa pili.

"Mimi niliishika ile ndoo," akasema Anderson fundi baiskeli, ambaye siku ile, naapa, alikuwa Mwanga kwenye msiba.

Kisha akaja mzee Hezroni. Jamani, mzee Hezroni! Aliinuka akasimulia kwa mikono yote miwili: jinsi Rodgers alivyotoa bastola, jinsi mvua ilivyokuwa ikinyesha, jinsi yeye Hezroni alivyomsogelea akamwambia, kijana, koma. Watu wakampigia makofi. Inspekta akangoja makofi yaishe.

"Shikamoo mzee. Siku ile mvua ilinyesha?"

"Kubwa sana."

"Na jana nilipokupigia simu kwa namba niliyopewa na mtendaji, kukuuliza kama utakuwepo leo, uliniambia umerudi juzi tu kutoka Kihurio. Ulikuwa unafanya nini Kihurio?"

"Naamia ndege kwenye mpunga," akasema Hezroni kwa fahari, bila kuona shimo lililo mbele yake. "Mwezi mzima sijapanda mlimani."

Hata masufuria yaliacha kugongana. Inspekta akaweka kalamu mezani.

"Ndugu zangu, najua mnampenda mama huyu. Lakini kama wote mlikuwa kando ya ndoo, Rodgers mwenyewe asingepata pa kukanyaga. Nikiyapeleka maelezo haya kama yalivyo, atasema mmepanga njama kumwonea kwa sababu ni mgeni. Na mimi nikiwa hakimu ningemwamini."

Nikaona uso wa Dorkasi unabadilika. Akasimama, akawageukia wale watu walioacha mashamba na majembe kwa ajili yake, akasema, "Asanteni. Nawapenda. Sasa ambaye hakuwepo aende akale makande." Foleni ikasambaratika kwa aibu, Hezroni akiwa wa kwanza kufika kwenye sufuria. Nikabaki mimi peke yangu.

"Wewe ni nani yake?" Inspekta akaniuliza.

"Wifi yake."

"Nitakuandika. Lakini wifi…" Hakumaliza, na hakuwa na haja. "Hakuna mwingine aliyekuwepo kweli? Wanunuzi?"

Wanunuzi walikuwa watu wa kupita, wa tambarare, hatuwajui hata majina, na wenyeji walioangalia walikuwa mbali mno kuona lolote la kuapia. Sote wawili tulikuwa tunamfikiria mtu mmoja na hakuna aliyetaka kumtaja. Pembeni kabisa ya ndoo, siku ile, palikuwa na meza ya maparachichi ya Hedwiga.

Hedwiga na Dorkasi wana kesi. Ni ya mpaka wa shamba la migomba, kipande ambacho ukitandika mikeka mitatu kimejaa, na imeshapita kwa wazee wa ukoo, kwa mtendaji, hadi baraza la ardhi. Wakikutana njiani kila mmoja anaangalia upande wake wa bonde. Siku tulipokuwa tunaita mashahidi, kijiji kizima kilipita mbele ya nyumba ya Hedwiga kama haipo.

"Nisubiri kidogo, afande," Dorkasi akasema, akajifunga kanga upya.

Tulipanda mteremko wa kwenda kwa Hedwiga. Najua kila hatua ilimgharimu nini. Tulimkuta Hedwiga anaosha karai nje. Hakuinua macho.

"Hodi, Mama Athumani," Dorkasi akasema.

"Uko ndani ya uwanja tayari, hodi ya nini?"

"Nimekuja kukuomba ukaseme ulichokiona gulioni. Siyo zaidi."

Hedwiga akaligeuza karai, akaligonga, akaliegemeza ukutani. "Kijiji kizima kimeitwa. Hata Hezroni aliyekuwa Kihurio ameitwa. Mimi niliyerukiwa na togwa mguuni sikuitwa. Nimekaa hapa tangu asubuhi nimevaa gauni la kutokea, unaliona? Nikasema wacha nione kama watakumbuka kwamba nina macho."

Kweli, alikuwa amevaa gauni la kutokea, na viatu. Nikajikuta nacheka, naye akanikata jicho.

"Na mpaka je?" akamwuliza Dorkasi.

Hapa nilidhani wifi yangu atalegea. Angempa tu kile kipande cha mikeka mitatu, jina lake lirudi, nani angemlaumu? Dorkasi alimtazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya miaka.

"Mpaka uko pale nilipokwambia uko. Sikupi hata mgomba mmoja."

"Haya," akasema Hedwiga, akachukua mtandio wake. "Hilo ndilo nililotaka kusikia. Ungenipa, ningebaki hapa hapa, maana wangesema umeninunua. Twende."

Barazani, watu walimwona Hedwiga anatokea nyuma ya Dorkasi, vijiko vikabaki hewani. Akakaa mbele ya Inspekta, akataja jina lake, halafu akasema kabla ya kuulizwa:

"Andika kwamba simpendi huyu mwanamke. Ni mkaidi na amechukua migomba yangu. Andika na namba ya kesi yetu kama unataka. Siku ile nilikuwa mezani kwangu, hapa na hapo na ndoo zake. Mvua haikunyesha. Bastola sikuiona. Nilimwona kijana akipiga ndoo teke, akamkalisha mama mtu mzima chini, akamwita muuza pombe. Na ile ilikuwa togwa."

"Una uhakika gani ilikuwa togwa?"

Hedwiga akavuta pumzi. Akaangalia paa, akaangalia viatu vyake vya kutokea. Nimemfahamu maisha yangu yote na sijawahi kumwona akikosa pa kuangalia.

"Kwa sababu nilikuwa nainywa," akasema. "Kila gulio namtuma mtu akaninunulie, ili huyu asijue. Siku ile nilikuwa nimekunywa kikombe kimoja na cha pili kiko mkononi. Hakuna anayeitengeneza kama yeye huku mlimani kote. Haya, umeridhika?"

Kicheko kilichopigwa pale kilifika hadi shuleni. Dorkasi alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili, sijui anacheka au analia, nadhani vyote. Inspekta Jesca naye alicheka, lakini aliandika kila neno.

Rodgers aliitwa Same. Mambo ya adhabu yao ya kazini ni yao, ila Inspekta alimpigia Dorkasi mwenyewe kumweleza malalamiko yake yamefikia wapi. Na siku ya gulio yule kijana alikuja, safari hii kwa miguu, akasimama palepale. Nilimwonea huruma kidogo, kidogo tu.

"Mama, shikamoo. Niliyoimwaga hapa ilikuwa togwa. Haikuwa pombe. Nilikukosea, na nilikukosea mbele za watu, ndiyo maana nimekuja mbele za watu."

"Marahaba, mwanangu," Dorkasi akasema. "Sasa onja."

Akaonja. Akaongezwa. Mchungaji, ambaye alikuwa amesimama kwenye maparachichi kana kwamba amekuja kununua, akatangaza hapohapo kwamba soda za mavuno zimefutwa na mwenyekiti amepumzika vya kutosha.

Watu walipopungua, Hedwiga akainuka mezani kwake. Hakumtuma mtu. Alikuja mwenyewe mbele ya ndoo, na kikombe chake mkononi, Dorkasi akakijaza mpaka ukingoni. Hedwiga alipomaliza kunywa akakung'uta kikombe na kusema, "Jumatatu kwenye baraza la ardhi usichelewe."

"Nitakutangulia," Dorkasi akamjibu.

Jumatatu niliwaona wakishuka pamoja kwenda kushtakiana, mmoja mbele mwingine nyuma, kila mtu na bahasha yake ya karatasi kwapani. Dorkasi alikuwa amebeba dumu la togwa kichwani, na Hedwiga amebeba vikombe.