Mheshimiwa Albano Hakusikia

Sikio la kushoto la Albano lilianza kufa mwaka wa pili wa ubunge wake, na ulipoingia mwaka wa mwisho, la kulia nalo lilikuwa likimkimbia. Daktari alisema ni mashine za mbao. Kabla ya siasa Albano alikuwa na karakana ya useremala Segerea, akasimama kwenye msumeno miaka nenda miaka rudi bila kuziba masikio. "Vaa kifaa cha kusikilizia," daktari alimshauri. Albano alikataa katakata. Kura za maoni za chama zilikuwa zinanukia, na nani angempa kura mbunge kiziwi?

Mbali na daktari, waliojua walikuwa wawili tu: mkewe Filomena, na Najat, mbunge mwenzake aliyekaa naye bega kwa bega bungeni Dodoma. Spika akiwahoji wabunge, Najat alimgusa kiwiko, naye akaitikia "Ndiyooo!" pamoja na wenzake. Wenzake wakicheka, alicheka. Jioni alirudi chumbani shingo imekakamaa kwa kazi ya kutazama midomo ya watu, na akilala huota ameitwa jina na hakusimama.

Jimboni hakukuwa na Najat. Jumamosi moja ya Januari alifanya mkutano wa hadhara kwenye uwanja wa shule, upande wa Pugu. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka wiki hiyo, na wazazi wawili walishasimama kushukuru kwa madawati aliyotoa. Akapumua kidogo. Kisha mama mmoja mwembamba, Chausiku, akapewa kipaza sauti. Aliongea taratibu, kichwa ameinamisha, mtandio umemfunika nusu ya mdomo. Albano aliambulia vipande: "...mwanangu Rukaiya... amefa..." Alitazama midomo, hakuiona. Akakisia.

"Amefaulu!" alisema kwa furaha. "Hongera sana, mama! Jamani, tumpigie makofi Rukaiya!"

Hakuna aliyepiga. Uwanja mzima ulimtazama kama mtu aliyevua nguo. Mama alikaa chini taratibu, na wanawake wakamzunguka. Benjamin, katibu wake, alimsogelea na kumnong'oneza kwenye sikio lililokufa. Albano akageuza kichwa. "Nini?"

"Amefariki, Mheshimiwa!" Benjamin alirudia, uso umemsawijika. "Mtoto kachukuliwa na maji juzi, pale mtoni. Pale ulipoahidi karavati la watu kuvukia."

Kabla gari halijafika barabara ya lami, video ilishaanza kuzunguka kwenye simu za watu. Nyumbani Benjamin alitembea sebuleni huku na huku. "Tutasema spika zilikuwa mbovu, bosi. Watu wataamini. Ukikaa kimya wiki mbili, ishu inapoa."

Albano alitaka sana kukubali. Filomena alingoja Benjamin aondoke, akaja kukaa upande wa kulia wa mumewe.

"Kesho baada ya misa uende kwa yule mama."

"Nikamwambie nini? Nikisema sisikii, nimekwisha, Filomena. Gaspar analitaka hili jimbo tangu siku ile nimeapishwa."

"Na usipoenda?"

Asubuhi kanisani hakusikia mahubiri, ila safari hii hata asingekuwa kiziwi asingeyasikia.

Kwa Chausiku wanawake walikuwa bado kwenye mikeka. Twalib, kaka yake Chausiku, alisimama njiani kifua mbele.

"Umekuja kumpigia makofi tena?"

Hilo Albano alilisikia vizuri. "Nimekuja kumpa pole mama. Nikishasema ninalotaka kusema, ukinifukuza nitaondoka."

Twalib akapisha. Albano alivua viatu, akakaa chini mbele ya Chausiku. Maneno aliyoyapanga njiani yote yalimpotea.

"Mama, mie sisikii," alisema. "Sikio hili limekufa kabisa, na hili liko njiani. Jana nilisikia amefaulu. Sikukudharau, wallahi sikukudharau."

Chausiku alimkagua uso, akainuka, akaja kukaa karibu na sikio lake la kulia, karibu hata akahisi pumzi yake. Kisha akamsimulia upya. Rukaiya alikwenda kuchukua matokeo yake kwa rafiki yake mwenye simu, ng'ambo ya mto. Alipata daraja la pili. Mvua ilinyesha akiwa huko, akavua viatu avuke. Kiatu kimoja ndicho walichokiona kwanza. Albano alisikia kila neno, na hakuwa na pa kukimbilia.

"Tangu lini husikii?" Chausiku aliuliza.

"Miaka mitatu sasa."

"Na sie tukija kukueleza shida zetu, ulikuwa unatusikilizaje?"

"Nilikuwa nakisia."

"Kumbe tulikuwa tunakisiwa," alisema Chausiku, si kwa hasira, kama mtu anayejiambia mwenyewe. "Baba, msamaha wa kukupa leo sina. Karavati nalitaka."

Kabla ya kikao cha Aprili alivaa vifaa vya kusikilizia masikio yote mawili, waziwazi. Ukumbi wa bunge ulimvamia kwa kelele: makaratasi, vikohozi, umbeya wa viti vya nyuma ambao hakuwahi kujua upo. Alisimama na swali la nyongeza kuhusu karavati. Naibu waziri alijibu kwamba upembuzi yakinifu unaendelea. Zamani angeketi na kushukuru.

"Mheshimiwa Spika, nimelisikia jibu, na halina tarehe," alisema. "Pale mtoni amekufa mtoto."

Minong'ono ikapita nyuma yake. Hata Najat alimtazama kwa woga.

Mawe ya kujengea karavati yakaletwa Juni. Kura za maoni zikaja, na Gaspar akashinda. Mpambe wake mmoja alizunguka matawini akiuliza wajumbe kama wanataka mtu wa kupigiwa kelele mara mbili, nao wakacheka, na Albano akaangukia nafasi ya tatu. Alitoka ukumbini akijihisi mwepesi kwa namna iliyomtia hofu, kama mgonjwa aliyepungua kilo nyingi kwa siku chache.

Nje, Twalib alikuwa anamngoja penye kivuli cha ukuta.

"Chausiku kanituma. Mafundi wa karavati wameleta mabomba membamba, maji ya masika hayapiti mle. Anasema uje uone."

"Mwambie mie si mbunge tena, ndugu yangu. Bunge limeshavunjwa, na hapa ndiyo nimeanguka."

"Nimemwambia."

"Kasemaje?"

"Kasema uje tu, wale mafundi bado wanakuogopa."

Albano alimtazama Benjamin, aliyekuwa anakwepa macho yake tangu matokeo yasomwe. Akamwomba funguo za gari, akamfungulia Twalib mlango, wakaondoka.