Mkia wa Filamu ya Mwisho

Inatangazwa kwa wote wanaohusika, wasiohusika, na wale wanaojifanya hawahusiki, kwamba siku ya Ijumaa saa nne asubuhi, taifa zima lilisimama wima kuiaga ndege yake kongwe ya upelelezi, jicho lisilolala, ngao ya anga, fahari ya vizazi vitatu.

Taifa zima lilikuwa watu arobaini na mmoja na mbwa wa getini. Mkuu wa kituo alisoma hotuba ya kurasa tisa akiwa chini ya bawa ili kukwepa jua, na jicho lisilolala likamdondoshea oili begani, matone matatu, moja kwa kila kizazi. Alipofika kwenye neno "fahari", kipaza sauti kikakata. Akaendelea kwa mdomo mtupu, na watu wa nyuma, ambao hawakusikia kitu, wakapiga makofi pasipo mahali pake.

Mstari wa pili alisimama mzee mmoja mfupi, amevaa koti la ofisini lenye mifuko iliyolegea, ambaye hakupiga makofi hata mahali pake. Kituoni walimwita Mzee Lenzi. Huyo ndiye mwenye hadithi hii, na ili umwelewe inabidi turudi nyuma kidogo.

Ndege yenyewe ilikuwa na namba ndefu ya kijeshi ambayo hakuna aliyeitumia. Mafundi waliiita Shangazi, kwa sababu ilikuwa inapita juu ya nyumba za watu, inaona kila kitu, na ikirudi inasema yote. Kwa miaka thelathini na minne, kila Shangazi alipotua, walimfungua tumbo, wakatoa kasha la filamu na kumpelekea Mzee Lenzi kwenye chumba chake cha giza. Yeye aliisafisha filamu, akaikausha, akailaza juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, kisha akainama na lenzi jichoni mpaka mgongo ukazoea kukaa vile hata akiwa kanisani.

Kazi yake ilikuwa kusoma vivuli. Picha iliyopigwa kutoka juu haikuonyeshi mtu, inakuonyesha utosi, mdogo kama kichwa cha kiberiti. Lakini kivuli hulala chini kikajinyoosha, na kivuli hakijui kusema uongo. Ukijua saa ya picha, unajua jua lilikuwa wapi. Ukijua jua lilikuwa wapi, unapima kivuli kwa rula ndogo ya kioo na kupata urefu wa mlingoti, wa lori, wa mtu. Siku moja alisema mnara fulani umepungua mita mbili. Wakubwa wakacheka mpaka wakashika mbavu. Baadaye ikajulikana kwamba upepo ulikuwa umekata ncha yake.

Sasa kuna jambo la mkia.

Kasha la filamu halifunguliwi mpaka filamu yote iviringike hadi mwisho. Kwa hiyo kazi ikiisha na filamu ikabaki, rubani huimalizia kwa kupiga chochote kilicho chini yake. Picha hizo mbili tatu za mwisho ndizo mkia. Marubani wa Shangazi walikuwa na desturi yao: mkia hupigwa juu ya nyumba za wafanyakazi, ndege ikiwa imeshuka chini tayari kutua. Na kwenye uwanja wa nyumba ya tatu, mke wa Mzee Lenzi alikuwa anasubiri.

Mwanamke yule aliusikia mlio wa Shangazi kabla hata mbwa hawajausikia. Alikuwa anaacha alichoshika, anatandika shuka jeupe katikati ya uwanja, kisha anasimama ukingoni mwake, jua likiwa nyuma yake, ili kivuli chake kianguke kwenye weupe. Mumewe alimfundisha mara moja tu. Hakuwa anapunga mkono wala kuangalia juu. Alisimama tu, ndege ikapita, akakunja shuka, akarudi kwenye sufuria zake. Marubani walimwita Mama Shuka.

Na saa mbili baadaye, kwenye meza ya taa, mumewe alimkuta pale. Alikuwa anampima. Alimpima mara mamia katika ndoa yao: mita moja na sentimita hamsini na mbili, bila kuzidi wala kupungua. Mwaka wa mwisho tu ndipo alipopungua sentimita mbili. Kivuli kilianza kuinama, na Mzee Lenzi alijua kwamba mkewe ni mgonjwa kabla daktari hajajua, kabla mwenyewe hajasema kwamba mgongo unamuuma.

Sheria ilisema mkia ukatwe na kuchomwa siku hiyohiyo, kwa sababu nyumba za wafanyakazi wa jeshi si za kupigwa picha. Mzee Lenzi alikuwa mtu wa sheria. Alikuwa anamwangalia mkewe kwa lenzi dakika moja, halafu anakata mkia kwa mkasi na kuutia kwenye jiko dogo la bati lililokuwa pembeni. Miaka yote hiyo hakuficha hata kipande. Mke alipofariki, miaka miwili iliyopita, zilibaki picha za harusi, ya kitambulisho, na moja ya sherehe fulani ambapo amefumba macho. Lakini zile za kwao wawili, ambazo mke alisimama ili asomwe na mume akamsoma, alikuwa amezichoma zote kwa mkono wake.

Zote, isipokuwa moja.

Ndiyo maana Jumatatu ya wiki ile, siku nne kabla ya hotuba na oili, alikwenda ofisi ya mkuu wa kituo na kusimama mlangoni kama mtoto aliyetumwa kuomba chaki.

"Ingia, mzee wangu," mkuu akasema. "Umekuja kuniaga mapema hivi? Bado tuko nawe mpaka ustaafu Ijumaa."

"Mkuu, kuna filamu ya mwaka ule jiko langu lilipotoboka. Mkia wake haukuchomwa. Ulipelekwa stoo pamoja na filamu yenyewe."

"Stoo ipi?"

"Ya filamu. Chumba namba nne."

Mkuu akajikuna shingo. "Chumba namba nne sasa ndicho chumba cha droni, mzee. Vile vitu tulivichoma wiki iliyopita. Amri ilitoka juu."

"Vyote?"

"Hadi makabati." Kisha, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, akauliza, "Ulikuwa na kitu chako mle?"

Mzee Lenzi akafikiri. Kwa sheria, hakuwa na kitu chake mle.

"Hapana, Mkuu," akasema. "Mali ya serikali."

Alipita chumba namba nne hata hivyo. Rafu zilikuwa zimeondoka. Kulikuwa na baridi ya viyoyozi, nyaya, na skrini sita zilizosimamiwa na kijana mmoja aliyevaa soksi bila viatu.

"Karibu, babu, uone maajabu," kijana akasema. "Hii haina filamu, haina mkia, haina kusafisha. Inakaa juu saa ishirini na nne. Vivuli inapima yenyewe."

Kwa kifupi, droni ni kama kiranja wa bweni: haisinzii, haicheki, haina rafiki, na kila ikionacho kinafika ofisini kabla hujamaliza kukifanya.

"Na ikirudi nyumbani?" Mzee Lenzi akauliza.

"Inazimwa."

"Haimsalimu mtu?"

Kijana akacheka. "Imsalimu nani, babu? Mimi mwenyewe tangu asubuhi wewe ndiye wa kwanza."

Alhamisi jioni, rubani alikuja nyumbani kwa mzee kunywa chai. Ni yeye aliyekuwa amepangiwa kumrusha Shangazi mara ya mwisho, baada ya hotuba.

"Mkia kesho utaupiga wapi?" Mzee Lenzi akauliza, akikoroga chai ambayo hakuitia sukari.

"Palepale, Mzee. Nitapita juu ya nyumba kama kawaida."

"Uwanja wangu mtupu."

"Hata mtupu tutaupiga."

Kisha mzee akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na kikombe, "Ningempata mara moja tu. Moja. Hiyo nisingeichoma."

Maneno hayo yalisikiwa, kwa bahati mbaya kabisa, na mjukuu wake aliyekuwa jikoni, sikio likiwa limegusana na mlango. Mjukuu huyu ni binti wa kidato cha tatu, mtulivu, msikivu, mwenye nidhamu ya kupigiwa mfano, aliyekuwa nyumbani wiki tatu kabla ya likizo kwa sababu ambazo shule ilizieleza katika barua ndefu na ambazo hazihusiani hata kidogo na hadithi hii.

Basi Ijumaa ikafika, hotuba ikasomwa, oili ikadondoka. Shangazi akapaa huku akikohoa moshi, akazunguka, akafanya kazi yake ya mwisho, na saa tisa alasiri akarudi. Alipita chini kabisa juu ya nyumba za wafanyakazi, akatua, akazimwa. Mafundi wakamfungua tumbo. Mmoja wao alikuwa anajifuta macho kwa kitambaa cha grisi, akayafanya mabaya zaidi.

Mzee Lenzi akajifungia. Akaisafisha filamu bila haraka. Kazi yenyewe ilikuwa ya maonyesho tu, daraja na reli, lakini aliisoma yote, kwa sababu haikuwa tabia yake kuruka. Mwisho akafika kwenye mkia. Paa la nyumba ya kwanza. Paa la pili. Akasogeza filamu kidogo.

Kwenye uwanja wa nyumba ya tatu palikuwa na shuka jeupe. Ukingoni mwake palikuwa na utosi mdogo kama kichwa cha kiberiti, umefungwa kitambaa. Na juu ya weupe, wazi kama maandishi, kililala kivuli cha mwanamke aliyevaa gauni pana la nyumbani, mikono chini, hapungi, haangalii juu.

Hakupiga kelele. Hakuruka kwenye kiti. Alishika meza kwa mikono miwili, jicho likabaki kwenye lenzi. Saa ya ukutani ilitembea dakika moja, ile aliyozoea kujiruhusu, kisha ya pili, ya tatu, ya nne. Machozi yakadondoka kwenye kioo cha taa, akayafuta kwa kiganja ili yasiharibu filamu. Alimwita mkewe kwa jina ambalo halikuwahi kutumiwa na mtu mwingine, na kwa hiyo halitaandikwa hapa.

Halafu mkono wake wa kulia, wenyewe, bila kuulizwa, ukaenda kwenye rula ya kioo.

Akapima. Akaangalia saa ya picha, akapiga hesabu kwenye karatasi. Akapima tena. Akapima mara ya tatu. Kisha akaondoa lenzi jichoni na kuegemea kiti.

Mita moja na sentimita sabini na moja.

Akakata mkia kwa mkasi kama siku zote. Akafungua jiko. Akawasha kiberiti, akakiangalia kikiwaka mpaka kikamuunguza kidole, akakizima. Mkia akautia mfukoni mwa koti. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na minne, na hakuna aliyemuuliza, kwa kuwa kituo kizima kilikuwa nje kikipiga picha za simu na Shangazi.

Nyumbani alikwenda moja kwa moja chumbani na kufungua kabati. Shuka lilikuwa mahali pake, rafu ya juu, limekunjwa vibaya, na majani makavu mawili yamenata kwenye pindo. Akalirudisha. Akaja jikoni, ambapo mjukuu wake alikuwa anaosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

"Njoo hapa."

"Abee, babu."

"Simama mlangoni."

Kwenye fremu ya mlango ule kulikuwa na mistari ya penseli iliyochorwa na bibi, mmoja kwa kila likizo tangu mtoto alipoanza kusimama. Mstari wa mwisho ulikuwa wa miaka miwili iliyopita, usawa wa pua yake ya sasa. Mzee akapanda juu ya kigoda, akaweka rula juu ya kichwa cha mjukuu, akachora mstari mpya. Akashuka. Akapima kutoka sakafuni.

"Mia moja sabini na moja," akasema.

Na hapa hadithi haiwezi tena kujifanya haimjui anayeisimulia. Yule binti mwenye nidhamu ya kupigiwa mfano ni mimi. Aliyetoa shuka kabatini ni mimi, na gauni la bibi ni mimi niliyelivaa, likiniishia magotini. Nakiri pia kwamba kama nusu ya nia yangu ilikuwa utundu. Nilipanga babu aruke kwenye kiti, mafundi waje mbio, na wakati wa chakula nimwambie tucheke wote mpaka tukohoe. Nusu ya pili sikuwa nimeipangia kitu.

Nilimwambia hivyo, nikiwa bado mlangoni, huku mgongo wangu umeegemea mistari ya bibi.

"Nilikuwa naye dakika nne," babu akasema. Hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika, hasira naijua namna ya kukaa nayo.

"Kwa nini ulipima, babu?"

"Ndiyo kazi yangu."

Akatoa kipande cha filamu mfukoni, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaangalia muda mrefu.

"Ungepinda magoti kidogo," akasema.

Nikamwambia sikuwa nimefikiria hilo. Huo ulikuwa uongo, na kwa kuwa leo nakiri, nakiri na huo. Nilikuwa nimefikiria, na nilikuwa nimepinda magoti vizuri tu. Lakini niliposikia Shangazi anakuja, kabla hata mbwa hawajasikia, nilisahau mchezo wote. Nikasimama wima.